Baba alikuwa bado anatunga sindano huku macho yanakufa: presha ya macho na utafiti uliofanyika Moshi

Binti wa Fundi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Haya mambo mimi nimeyajua tumeshachelewa, na sitaki mwingine humu achelewe.

Baba yangu ni fundi cherehani, Himo. Ameshona sare za shule zaidi ya miaka thelathini kwenye baraza lile lile. Mwaka juzi nilikwenda nyumbani kuwasalimia, jioni nikakaa naye barazani. Akavaa miwani yake, akachukua sindano, akatunga uzi mara moja tu, hata mkono haukutetemeka. Nikasema moyoni, mzee macho yake bado yamo. Haikupita hata robo saa akainuka kuchukua kitambaa, akalipiga teke jiko la mkaa lililokuwa kushoto kwake, hatua moja kutoka kwenye kigoda. Birika likapinduka, chai yote chini. Mama wala hakushtuka. Akasema, "Siku hizi ndivyo alivyo. Juzi kagonga bega kwenye mlango, Jumapili kamkanyaga mtoto wa watu kanisani." Mzee akajibu ni haraka zake tu, macho hayana shida, kwani binti yake si amemwona sasa hivi akitunga sindano?

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowadanganya watu. Katikati anaona vizuri kabisa. Pembeni ndiko kunakokufa, na kunakufa taratibu kiasi kwamba mwenyewe hajui.

Nilimpeleka hospitali ya rufaa kwa shida, maana alikuwa na oda ya sketi arobaini. Wakampima presha ya macho: kulia 34, kushoto 38. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Kisha wakamkalisha mbele ya mashine yenye bakuli jeupe, anabonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nukta zinawaka, nukta zinazima, na kidole cha mzee kimetulia tuli kwenye kitufe. Nilitamani nimbonyezee. Karatasi ilipotoka, ya jicho la kushoto ilikuwa nyeusi karibu yote, pamebaki upenyo mdogo katikati. Kwa upenyo ule ndipo alipokuwa anatungia sindano.

Nieleze nilivyoelewa, wenye taaluma mtanirekebisha. Ndani ya jicho kuna maji maangavu yanayotengenezwa muda wote (siyo machozi, machozi ni ya nje). Maji hayo hutoka kupitia kichujio kidogo kilichopo pembeni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na ile duara ya rangi. Kichujio kikizibana, maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayatoki kwa kasi ileile, presha inapanda. Inakandamiza mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ule una nyuzi zaidi ya milioni moja, na zikifa hazioti tena. Haumi. Jicho haliwi jekundu. Ubongo nao unaziba mapengo, kwa hiyo mtu haoni doa jeusi popote, anaona dunia imekamilika mpaka apige teke jiko.

Na msichanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, unafanyiwa upasuaji, unawekewa lenzi nyingine, unaona. Presha ya macho, au glakoma, kilichokwenda kimekwenda. Tiba yake ni kulinda kilichobaki.

Kuna mambo mawili yananiuma mpaka leo. Mzee alibadilishiwa miwani mara mbili ndani ya miaka minne, kwenye duka la miwani, akisomeshwa herufi tu. Herufi alizisoma zote! Katikati yake ilikuwa nzima. Hakuna aliyempima presha wala kumwangalia nyuma ya jicho. La pili, vumbi la vitambaa lilikuwa linamwasha macho, na duka la dawa la jirani likawa linamuuzia matone ya dexa. Akayatumia miaka, kila macho yakiwasha, kwa sababu kweli yanatuliza. Dexa ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Ukiyatumia muda mrefu bila kupimwa yanaweza kupandisha presha ya macho, na yanaleta mtoto wa jicho pia. Daktari alisema presha huenda ilishaanza zamani, dexa yakaja kuongeza kuni kwenye moto.

Akaandikiwa timolol, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Tukapumua. Niliporudi Krismasi, presha 29 na 31. Nikamwomba anioneshe anavyotia. Akainua uso, mkono unatafuta, tone la kwanza likaanguka kwenye kope, la pili shavuni, la tatu ndiyo likaingia, akapepesa macho haraka haraka kama mtu aliyeingiwa na mdudu, likatoka lote. Chupa ya mwezi ilikuwa inaisha siku kumi na mbili. Ikiisha anasubiri pensheni ya mama iingie. Na kwa nini ajihimize? Dawa haimpi nafuu yoyote anayoiona. Akitia anaona vilevile, asipotia anaona vilevile.

Siku ile kliniki, muuguzi mmoja mtu mzima aliniambia kwa upole, "Mwanangu, ulizia leza. Hapa hapa Moshi walishaifanyia utafiti." Nikaenda kuusoma. Ulifanyika hospitali ya KCMC, wakishirikiana na chuo cha London kinachoshughulikia afya ya umma na magonjwa ya tropiki, ukachapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health. Waliingiza wagonjwa 201, macho 382, kati ya mwaka 2015 na 2017. Wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu matone ya timolol, nusu leza, wakawafuatilia mwaka mzima. Kufaulu maana yake presha ishuke hadi kiwango ambacho daktari alikipanga kwa jicho lile.

Kwa matone, yaliyofaulu ni asilimia 31. Kwa leza, asilimia 61.

Nilirudia kusoma mara tatu. Ni watu wetu wale, wa Kilimanjaro na jirani, na waliokuwa kwenye matone iliruhusiwa kufundishwa upya namna ya kutia pale presha isiposhuka. Bado leza ikazidi karibu mara mbili.

Hiyo leza haikati kitu. Unatiwa dawa ya ganzi ya matone, unaweka kidevu kwenye mashine, wanakuwekea lenzi juu ya jicho, na mwanga mfupi mfupi wa kijani unaelekezwa kwenye kile kichujio, mapigo kama mia moja. Mzee alisema ni kama mtu anawasha na kuzima tochi. Dakika kumi hazikufika kwa kila jicho. Jioni yake alikuwa anaulizia cherehani.

Sasa hivi presha yake ni 17 kulia na 20 kushoto, na kushoto bado anaongezewa tone moja la usiku. Pembeni haoni, na hataona. Jiko tumelihamisha. Lakini anashona.

Ninachoomba: mwenye miaka 40 na kuendelea, nenda kapime presha ya macho hata kama unaona mpaka Kibo. Mwenye mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa huu, usisubiri hata hiyo 40. Na ukikutwa nayo, uliza habari ya leza kabla hujazoea matone.

---

Ngosha wa Nyakato

Pole sana dada, mpe mzee pole. Umenigusa kwenye lile la herufi. Mama yangu huku Mwanza naye husoma herufi zote, halafu akivuka barabara haoni bodaboda inayotokea pembeni. Sisi tumekuwa tukimgombeza kwamba hana umakini. Nimesoma hapa nimepata baridi mwilini. Wiki hii hii anakwenda.

---

Lenzi Safi

Mimi ni mtaalamu wa optometria (upimaji wa macho), nafanya kazi hospitali ya mkoa. Ulivyoeleza ni sawasawa, acha niongezee machache.

Kwanza ukubwa wa tatizo. Kuna utafiti wa zamani ulifanyika vijijini Kongwa, Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000. Walipima watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 na zaidi, wakakuta takribani 4 kati ya kila 100 wana glakoma. Chukua mtaa wako, hesabu wazee waliopo msibani Jumamosi. Na kwetu Waafrika huanza mapema na huenda kasi kuliko kwa Wazungu.

Pili, presha peke yake haitoshi. Wapo wenye presha 18 na mshipa unakufa, wapo wenye 25 miaka mingi na mshipa mzima. Ukienda kupimwa, hakikisha umefanyiwa mambo matatu: presha imepimwa, mtu ameangalia mshipa nyuma ya jicho (mara nyingi utatiwa dawa ya kupanua mboni, usiendeshe gari siku hiyo), na kama kuna shaka, kile kipimo cha kubonyeza kitufe. Ukitoka na karatasi ya namba za miwani peke yake, hujapimwa glakoma.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani, majibu yake yalitoka mwaka 2002, watu 1,636 wenye presha ya juu lakini mshipa bado mzima. Robo yao walikuwa Wamarekani weusi. Nusu wakapewa matone, nusu wakaangaliwa tu. Baada ya miaka mitano, waliopata glakoma ni asilimia 9.5 kwa wasiotibiwa na asilimia 4.4 kwa waliotibiwa. Matone yanafanya kazi, jamani, yakiingia jichoni. Utafiti huo ndio uliowafumbua macho watu kuhusu unene wa kioo cha mbele cha jicho. Kikiwa chembamba, mtu yuko kwenye hatari zaidi, na tena mashine inasoma presha ndogo kuliko ilivyo. Kwa wastani vioo vya watu weusi waliokuwemo vilikuwa vyembamba zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa "presha yako 21, iko mpakani, nenda", usiende. Omba waangalie mshipa.

Na kwa wanaokata tamaa kwamba presha imeshuka kidogo tu: Wasweden wa Malmö walionesha kwamba kila milimita moja ya presha (ndicho kipimo chake) inayoshuka inapunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa takribani asilimia 10. Kushuka kutoka 31 mpaka 20, kama mzee wa dada hapa, ni jambo kubwa sana.

---

Mwana Kisauni

Asalaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa. Dadangu, Mungu amhifadhi babako. Nataka kuongeza jambo moja ambalo laweza kuokoa mtu.

Mamangu ana pumu tangu utotoni. Alipogunduliwa presha ya macho alipewa hayo hayo ya timolol. Usiku wa pili akaanza kubanwa kifua, tukadhani ni baridi ya kusi. Usiku wa nne tukamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu akauliza dawa zote anazotumia, nasi tukamtajia za kumeza tu. Nani angefikiria tone la jicho? Nduguye mdogo ndiye aliyeitoa chupa kwenye mkoba. Daktari akaitazama, akasema hii hii.

Akabadilishiwa akapewa latanoprost, tone moja usiku. Kope zake zimekuwa ndefu, wajukuu wanamsifu. Kifua kimetulia.

---

Lenzi Safi

Asante sana Mwana Kisauni, hilo ni la kuandikwa ukutani. Timolol ni jamii moja na dawa za moyo zinazopunguza mapigo. Tone likiteremka kupitia tundu la machozi linaingia puani, na kutoka hapo linaingia kwenye damu moja kwa moja. Mwenye pumu, au mwenye mapigo ya moyo ya polepole sana, amwambie daktari kabla chupa haijafunguliwa. Na mkiulizwa dawa mnazotumia, matone ya macho ni dawa, yatajeni.

---

Mtazamaji

Dada, naheshimu sana ulichoandika, ila niulize bila kukuudhi. Asilimia 61 maana yake 39 leza haikuwasaidia vya kutosha. Hiyo si ndogo. Halafu mimi nikisikia "utafiti" na "Waafrika" kwenye sentensi moja huwa nasita. Kwa nini wasijaribie kwao?

---

Binti wa Fundi

Haujaniudhi kaka, mama aliuliza hivyo hivyo kabla ya kukubali.

Kwao walishajaribu. Uingereza waliwachukua wagonjwa 718 waliogunduliwa karibuni, wakawagawa vilevile, leza kwanza au matone kwanza, majibu yakatoka mwaka 2019 kwenye Lancet. Baada ya miaka mitatu, wagonjwa 74 kati ya 100 walioanza na leza walikuwa hawahitaji tone lolote. Walioanza na matone, wagonjwa 11 kwa jumla waliishia kwenye upasuaji wa glakoma. Walioanza na leza, hakuna hata mmoja. Mwaka 2022 taasisi yao inayopanga miongozo ya matibabu ikaelekeza kwamba mgonjwa mpya apewe leza kwanza. Wao wenyewe, kwa bibi zao.

Kilichofanyika Moshi kilikuwa na swali lake: je, kwetu huku, ambako ugonjwa unagunduliwa umeshakwenda mbali na kliniki iko mbali na nyumbani, leza itafaa vilevile? Na kila aliyeingia alipata tiba ya kweli, hakuna aliyepewa maji. Kama wasingeufanya hapa, leo wewe na mimi tungekuwa tunauliza, "hiyo ni ya Wazungu, sisi je?"

Kuhusu hiyo 39, ni kweli. Leza siyo muujiza. Ndiyo maana jicho la kushoto la baba bado linatiwa tone. Nguvu yake pia hupungua na miaka, inabidi kurudia, kwa hiyo kliniki haiachwi. Lakini angalia upande wa pili: kwa matone waliokosa ni 69.

---

Lenzi Safi

Naongeza kwa Mtazamaji. Leza hii ni ya glakoma ya pembe iliyo wazi (pembe ni pale penye kile kichujio), ambayo ndiyo nyingi kwetu. Ipo nyingine ambayo pembe imefunga, hiyo inakuja ghafla, jicho linauma vibaya, jekundu, kichwa kinapasuka, mtu anatapika, taa anaziona zina duara za rangi. Ikikutokea hiyo usisome uzi, kimbia hospitali usiku huo huo.

Na baada ya leza presha inaweza kupanda kwa saa chache, ndiyo maana unaambiwa usubiri upimwe tena kabla ya kuondoka. Msiwakimbie.

---

Tiba Lishe Bora

Ndugu zangu msisumbuke na leza, kuna unga wa lishe una karoti, mlonge na luteini, unasafisha mishipa ya macho na kurudisha uono ndani ya siku 21. Presha, mtoto wa jicho, vyote vinaondoka. Njooni PM.

---

Lenzi Safi

Ndugu, nakujibu kwa sababu wagonjwa wangu wanakufuata wewe wakitoka kwangu, na wakirudi wamebaki na jicho moja.

Luteini (rangi ya asili iliyo kwenye mboga za majani) imefanyiwa utafiti mkubwa, ulioendeshwa mara mbili na taasisi ya taifa ya macho ya Marekani. Wa kwanza ulitoa majibu mwaka 2001: vitamini C, vitamini E, beta-karotini na zinki kwa dozi kubwa zilipunguza kwa takribani asilimia 25 hatari ya kufika hatua mbaya kwa watu wenye ugonjwa mmoja maalumu, kuchakaa kwa kitovu cha retina (pazia la nyuma ya jicho) uzeeni. Wa pili, 2013, ukaitoa beta-karotini na kuweka luteini na zeaksanthini, kwa sababu beta-karotini, hiyo hiyo iliyo ndani ya karoti, kwa dozi kubwa za vidonge iliongeza saratani ya mapafu kwa waliowahi kuvuta sigara. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Na hata huko haikurudisha uono wa mtu, ilipunguza kasi tu.

Mlonge ni mboga nzuri, kuleni. Vitamini A ikikosekana mtoto anapofuka kweli. Lakini mshipa wa fahamu uliokufa haujafufuliwa na kitu chochote mpaka leo, siyo unga, siyo leza, siyo mimi. Ukimwambia mtu aache matone siku 21, unamtoa kwenye dawa, na haumi, kwa hiyo hatajua ulichomchukulia.

---

Kijana wa Uyole

Mkuu Lenzi, swali la kweli kabisa. Huku kuna mzee anasema bangi inashusha presha ya macho na kwamba hata Wazungu wamethibitisha. Anavuta kila jioni na ameacha dawa.

---

Lenzi Safi

Kuna ukweli mdogo ndani yake, na ndio unaomponza. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliona kwamba ukivuta, presha inashuka. Ila inashuka saa tatu, nne, halafu inarudi. Ili aikamate usiku na mchana angehitaji kuvuta mara sita au nane kila siku, mwaka hadi mwaka, na bangi inashusha pia presha ya damu, ambayo ndiyo inayoulisha ule mshipa. Chama cha madaktari bingwa wa macho cha Marekani hakiipendekezi. Timolol linafanya kazi saa kumi na mbili kwa tone moja. Mwambie mzee kwa heshima, arudi kliniki, na aseme ukweli kwamba aliacha dawa. Hatutamgombeza.

---

Mama Jabir

Jamani mmenitia hofu. Mwanangu ana miaka saba, macho yanamwasha, anayasugua mpaka yanakuwa na rangi ya matope. Kila yakianza naenda duka la dawa napewa dexa. Ni kama mwaka sasa. Nifanyeje?

---

Lenzi Safi

Dada yangu, usijilaumu, ulipewa na mtu aliyevaa koti jeupe. Huo unaonekana kama mzio wa macho, watoto wetu wengi wanao, hasa wakati wa vumbi, na wengi huutoka wakikua.

Mpeleke akapimwe presha wiki hii, na chupa nenda nayo, daktari ndiye atakayekuambia dexa yaachwe vipi. Zipo dawa za mzio zisizo steroidi, za kuzuia mwasho kabla haujaanza, zinatumika muda mrefu kwa usalama zaidi. Steroidi ina kazi yake, mzio mkali unaweza kuharibu kioo cha jicho na hapo daktari ataitoa, kwa siku zinazohesabika na kwa kupima. Kosa ni kuinunua kama pipi. Nyumbani, kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kinasaidia sana, na mzuie kusugua. Kusugua nako kunaharibu umbo la kioo cha jicho.

---

Ngosha wa Nyakato

Dada Binti wa Fundi, kabla hujatoka, hebu tufundishe mzee alivyofundishwa kutia matone. Maana hilo la tone shavuni ni la wengi.

---

Binti wa Fundi

Muuguzi yule yule ndiye alitukalisha chini na chupa yenye maji matupu tukafanya mazoezi.

Mikono inanawiwa. Mzee analala chali kitandani, habaki amekaa, hilo peke yake lilimaliza nusu ya tatizo. Kidole cha mkono wa kushoto kinavuta kope ya chini mpaka inakuwa kama mfuko mdogo. Mkono wenye chupa anauegemeza kwenye paji la uso, hautetemeki tena. Anatazama juu, kwenye boriti, siyo kwenye chupa. Tone moja. La pili linamwagika tu, jicho halina nafasi ya kulibeba. Ncha ya chupa isiguse kope wala jicho.

Kisha anafumba taratibu, bila kukamua wala kupepesa, na kidole kinabana pale kwenye kona ya jicho karibu na pua, dakika mbili. Pale ndipo penye tundu linalopeleka machozi puani. Ukibana, dawa inabaki jichoni na haiendi kifuani, ndugu yetu wa Mombasa amesema yaliyompata mama yake. Mzee anahesabu kwa kusali Salamu Maria kumi bila haraka. Kama kuna dawa ya pili, anasubiri dakika tano kwanza, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza.

Na asitoboe chupa kwa sindano! Mzee alikuwa ametoboa ya kwake, fundi huyo, akisema tundu ni dogo. Ndiyo maana ilikuwa inaisha siku kumi na mbili. Chupa ikishafunguliwa wiki nne inatupwa hata kama imebaki.

---

Mtazamaji

Nimeelewa dada, na nimekubali. Hizo mashine za leza ziko wapi lakini? Siyo kila mtu yuko Moshi.

---

Binti wa Fundi

Hazipo kila wilaya, hilo ni kweli na linaniuma. Anza na daktari wa macho wa mkoa wako, akuandikie rufaa kwenda hospitali ya kanda, na uulize kwa jina: "leza ya glakoma ya kufungua kichujio". Ukisema leza tu watadhani unataka ile ya kuacha miwani. Sisi tulipouliza mara ya kwanza, kwenye kituo cha kwanza, tuliambiwa haipo na haijulikani. Tulipouliza kwingine tulipewa tarehe. Mashine moja inahudumia watu wengi sana kwa siku, na haihitaji kununuliwa upya kila mwezi kama chupa. Kama humu kuna anayekaa kwenye vikao vya bajeti za afya za mikoa, nakuomba kwa moyo wote uibebe hiyo.

---

Ngosha wa Nyakato

Mrejesho. Mama amepimwa. 30 na 27. Mshipa wa kulia umeshaliwa nusu, wa kushoto bado mzuri. Daktari ametuuliza nani alitushauri tuje, maana wengi huja wakiwa wanashikwa mkono. Nimemwonesha huu uzi kwenye simu. Wamempa matone kwanza na rufaa ya Bugando kwa uchunguzi zaidi. Jioni amelala chali, ametazama dari, tone limeingia mara ya kwanza. Nimemwomba radhi kwa kumgombeza barabarani.

---

Binti wa Fundi

Mungu ni mwema, Ngosha. Mlinde huo wa kushoto.

Na mimi ninao wangu. Baada ya ya mzee niliwaita ndugu wote, baba wadogo wawili, shangazi, na sisi watoto wanne. Waliokubali kuja ni watano. Mimi 15 na 16, mshipa mzima, narudi mwakani. Baba mdogo wa Mwanga 19 na 18, mzima. Shangazi, ambaye alikuja kwa sababu tu ya kunisindikiza na alikuwa anasema macho yake ni ya kijana, ana 33 na 29. Miaka 58. Hajawahi kugonga mlango. Karatasi yake ina weusi kidogo tu kwenye kona moja ya juu.

Leza yake ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Baba amesema anampeleka mwenyewe, mimi nitamshika mkono kwenye kuvuka barabara.